Bati lisiloshika msumari

Katika nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, kila beseni lilikuwa na kituo chake. La buluu lilikaa ukumbini, hatua mbili kutoka mlango wa mbele. Jeupe lililopasuka ukingo lilikaa juu ya kabati la mama. Sufuria ya pilau, ile ya arusi, ilikaa katikati ya chumba cha tatu, ambacho tangu 2019 hakikulaliwa na mtu. Mvua ikianza, hata iwe saa nane za usiku, hakuna aliyeuliza. Kila mtu aliamka, akachukua chake, akakiweka mahali pake, akarudi kulala. Siku moja mpwa wangu wa miaka sita alilala kwa rafiki yake mtaa wa Tudor, mvua ikanyesha usiku, naye akaamka akamwuliza mama wa mwenzake: "Beseni langu lipi?"

Yule mama alinipigia simu asubuhi akicheka. Mimi nilicheka naye, nikakata simu, nikaona haya.

Lakini haya peke yake hayaezui nyumba. Kuezua paa zima la nyumba ya vyumba sita ni pesa ambazo mtu kama mimi huziona mara moja maishani, zikiwa njiani kwenda kwa mtu mwingine. Nilikaa miaka saba nikijiuliza kama wakati umefika. Ninaandika haya kwa sababu kila wiki mteja hukaa kwenye baraza yangu, akatazama juu, akaniuliza, "Nyinyi mlijuaje?" Nimechoka kulijibu vipande vipande huku nimeuma pini mdomoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba ni ya babu mzaa baba, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma penye jiko, baraza mbele. Babu aliiezeka makuti. Jiko aliliezeka madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa, yakakunjuliwa, yakagongwa hadi yakawa bapa. Mama husema jiko lile halikuvuja kabisa, jambo ambalo siliamini. Paa ninalolisimulia liliwekwa na marehemu babangu mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño za 1997 kutulaza macho wiki nzima. Alinunua mabati ya geji 28. Yalipofika kwa mkokoteni alinisimamisha mbele yake, akaligonga moja kwa kifundo cha kidole, akasema, "Sikiza." Likalia kama sinia. Sikujua kwamba ananifundisha kitu.

Hapo kwenye geji wengi hukosea, kwa hiyo niliseme mapema. Namba ikipanda, bati huwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Ni kinyume cha sindano za cherehani, ambazo namba 18 ni nene kuliko namba 14, na ndiyo maana mimi mwenyewe nilichelewa kulishika. Dukani watu hudhani wamepandishiwa daraja wakipewa 32.

Paa letu halikuzeeka lote kwa pamoja. Lina vipaa vinne, yaani pande nne za mteremko, na kipaa cha kusini ndicho kilichotangulia kuumwa. Majengo haiko ufukweni, lakini kisiwa hiki chote kinaramba chumvi. Kusi ikivuma, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, huja na unyevu wa bahari, na upande unaoelekea huko ndio unaoupokea. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na kazi ya zinki ni kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Maadamu ipo, hata ikikwaruzwa kidogo, chuma huwa salama. Ikiisha, hakuna tena wa kusimama mbele. Ukitazama kwa makini unaweza kuiona safari yenyewe: bati linapoteza mng'aro, linakuwa na vumbi jeupe jeupe, halafu vidoa vya rangi ya chai, halafu wekundu wenyewe. Wateja wangu wa Nyali wenye nyumba zinazoyaona mawimbi wamenionyesha mabati yaliyoipita safari hiyo yote kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Letu lilichukua karibu miaka 20, na hiyo ni shukrani kwa geji 28 na kwa majumba yaliyotukinga upepo.

Nilianza kuhesabu matundu mwaka 2016. Vyumba viwili vya nyuma na ukumbi havina dari, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, nilifunga madirisha na milango nikakaa kizani dakika tano macho yazoee, kisha nikatazama juu. Kila tundu lilikuwa nyota. Mwaka huo nilihesabu 11. Nikayaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, na chini yake nikaandika bei ya kila kiraka. Mwaka 2018 zilikuwa 26. Mwaka 2020 zilipita 60, nikaacha kuhesabu kwa sababu zilikuwa zimeanza kuungana.

Nakubali kwamba nilikuwa nahesabu kitu nisichopaswa kuhesabu. Tundu moja la msumari uliolegea, juu ya bati zima, ni kazi ya robo saa. Unang'oa msumari, unaweka mwingine mnene wenye kipira kipya chini ya kofia yake, basi. Vipira vile hukauka na kupasuka kwa jua la hapa kabla bati halijaharibika, na nyumba nyingi zinazovuja hazina ugonjwa mwingine. Pia bati huvimba mchana na kunywea usiku. Umelisikia lile tak, tak, tak la magharibi? Ni paa linarudi mahali pake, na kila siku linautikisa msumari kidogo na kulipanua tundu lake kidogo. Mtu mwenye matundu 30 ya aina hiyo hana haja ya paa jipya. Anahitaji fundi mwangalifu na mfuko wa misumari.

Tena maji ni mwongo. Mahali yanapodondoka sipo yanapoingilia. Kwa miaka miwili tulikuwa tukiziba juu ya kitanda cha mama, na kitanda kikaendelea kulowa. Tundu lenyewe lilikuwa mbali, karibu na mgongo wa paa. Maji yaliingia pale, yakateleza juu ya ubao kama mtu anayeshuka ngazi, yakafika kwenye fundo la mti, yakajiachia juu ya mto wa mama. Kuna na yale yasiyohitaji tundu kabisa. Pale bati linapolipanda jenzake, kama limepanda kidogo tu, maji hunyonywa kwenda juu katikati ya mawili, kama chai inavyopanda kwenye mkate. Humo ndani hapakauki, na kutu hula kutoka mahali ambapo hata ukiwa juu ya ngazi huwezi kupaona.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuja na ndoo ya lami. Alipaka palipovuja, akapaka pasipovuja, akaondoka na pesa na moja ya khanga zangu aliyoiomba ya kufutia mikono. Lami ilikaa vizuri mpaka kiangazi. Kwa kuwa bati linavimba na kunywea, na lami iliyokauka haiwezi kulifuata, ilipasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia chini yake, yakakaa humo yakifanya kazi kwa raha. Mwaka uliofuata nikajaribu ufundi wangu: nilishona vipande vya turubai, pindo mara mbili, nikamwambia kijana avibandike kwa lami ili kitambaa kiishike isipasuke. Kilidumu. Nilijivuna nacho. Kiraka kilibaki kizima kabisa, na bati lililokizunguka likadondoka pembeni yake, kiraka kikaning'inia kama kibandiko kwenye kidonda kilichooza.

Hapo ningepaswa kuelewa, maana ni somo la kwanza la kazi yangu. Mteja akileta suruali imetoboka gotini, kabla ya kuikubali naishika kandokando ya tundu, naivuta kwa vidole gumba viwili. Kama kitambaa kinastahimili, tutaweka kiraka. Kikianza kutoa sauti ya kuchanika, namrudishia suruali yake, maana nikishona pale, sindano yenyewe ndiyo itakayoichana. Nimeyasema hayo kwa wateja labda mara elfu, na sikuwahi kuyasema kwa paa langu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, jirani wa kichochoro cha nyuma, fundi aliyestaafu kwa sababu magoti hayamruhusu kupanda. Nilimchagua kwa sababu hiyohiyo. Fundi wa lami huona paa linataka lami, na fundi wa mabati mapya huona paa linataka mabati mapya. Huyu asingepata kazi yoyote kwangu, alihitaji tu kanzu mbili za Idi, na nikamwambia nitamshonea.

"Salaam aleikum, mama," alimwamkia mama barazani. "Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Wa aleikum salaam. Mgonjwa hana neno," mama akajibu. "Mwanangu huyu ndiye apendaye madaktari."

Hakupanda kwanza. Alivuka njia, akasimama ng'ambo, akafumba jicho moja akautazama mgongo wa paa. Akaniita nami nitazame. Ulikuwa umelegea katikati, kidogo, kama kamba ya kuanikia nguo. Nimepita pale maisha yangu yote sikuuona. "Kitu kimechoka chini," akasema. "Sasa twende tukajue ni nini."

Tulimpandisha kijana wake juu kwa ngazi, naye mzee akasimama ndani ukumbini akimwamuru. Kijana aligonga bati moja baada ya jingine kwa kifundo. Yale ya kipaa cha kaskazini yalilia. Ya kusini yalitoa sauti ya kigae kilichopasuka, kavu, fupi. Nikamkumbuka babangu na lile "sikiza" lake. Kisha mzee akamwambia apige msumari mpya mahali pazima, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye wa zamani. Kijana akapiga. Bati likapasuka kuanzia msumari wa zamani hadi mpya, na mwanga ukaingia kama mtu amefungua mlango. Akajaribu kwingine. Vilevile.

"Waona?" mzee akaniambia. "Matundu si shida. Mimi nimeezeka nyumba zenye matundu kama chujio na nikazitengeneza. Hili halishiki msumari. Lisiloshika msumari halishiki kitu."

Ikabaki mbao. Alinipa bisbisi akaniambia nipande juu ya kabati nidunge. Makombamoyo yetu, ile miti mikubwa inayobeba paa, ni ya boriti za mikoko, yale aliyoweka babu, na bisbisi iligoma kuingia hata nilipoisukuma kwa nguvu zote. Miti ile ni kama chuma. Lakini mapao yanayoshikilia mabati, mbao laini zilizowekwa 1998, yalikuwa yamebunguliwa. Kwa nje ubao mzima, umepakwa rangi, una vitundu vidogo tu kama vya pini na unga mwembamba chini yake. Bisbisi iliingia mpaka mpini. Hapo ndipo mgongo ulipokuwa unalegea.

Ninalisisitiza hili kwa sababu watu hubadili mabati wakaacha mbao. Skrubu mpya katika ubao uliobunguliwa ni bure, upepo wa kwanza utakupeleka bati lako kwa jirani. Na kinyume chake pia ni kweli. Kuna nyumba kule Mji wa Kale zenye vigae vya Mangalore, vilivyokuja kutoka India zamani, na vigae vyenyewe bado viko sawa. Kikivunjika kimoja hubadilishwa kimoja. Kinachoziua paa zile ni miti iliyo chini. Na kama juu yako kuna asbesto, kama zilivyo nyumba kadhaa za zamani za mashirika, basi usifuate chochote nilichoandika hapa: usigonge, usitoboe, usikwangue, usimruhusu kijana akate kwa msumeno. Vumbi lake hudhuru mapafu na ugonjwa huja miaka mingi baadaye. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliihesabu katika taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni.

Turudi kwetu. Hukumu ya mzee ilikuwa Agosti 2020. Paa lilibadilishwa Februari 2024. Miaka mitatu na nusu hiyo ilikwenda wapi?

Sehemu ilikwenda kwenye ardhi. Kwa wasio wa Mombasa: hapa kuna kitu kiitwacho nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, uliyoijenga au kurithi, na ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Unaweza kuiuza nyumba, kuipangisha, kuirithisha, lakini udongo si wako. Mtaa wetu karibu wote umekaa hivyo. Basi ukifikiria kuweka mabati mapya yatakayoishi miaka 30, unajiuliza kama wewe mwenyewe utaachwa hapo miaka 30. Kaka yangu aliyeko Doha aliuliza swali hilo katika kikundi chetu cha WhatsApp kila mara pesa zilipotajwa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Pia alikuwa na mafungu mawili ya urithi kwa fungu letu moja moja sisi dada zake, na nilimkumbusha hilo kwa upole ambao dada yangu wa Kisauni aliuita matusi.

Sehemu nyingine ilikwenda kwa mama. "Paa hilo laliwekwa na babako," alisema. "Laniona nikifiwa, laniona nikiwaoza. Mabeseni yamewakosea nini?" Huwezi kubishana na mama wa miaka 78 kwa bisbisi.

Katika miaka hiyo daftari likaendelea kujaa. Kila fundi aliyepanda kuziba tundu moja alikanyaga akafungua mawili, na hilo nalo ni dalili, ingawa nililiona kama bahati mbaya ya mafundi wangu. Kisha ikaja ile kanzu. Nilikuwa na kitambaa cha mteja, cheupe, cha pamba, cha kumshonea kanzu ya arusi ya mwanawe. Pamba lazima uiloweshe kwanza inywee, ndipo ukate. Mfereji ulikuwa mkavu siku ya nne, na maji ya mkokoteni siku hizo yalikuwa machafu kuliko ya mvua, nikachota kwenye pipa letu linalopokea maji ya gata. Asubuhi kitambaa kilikuwa na vidoa vya kahawia, vingi, vidogo, kama mtu mwenye mabaka. Nilipaka ndimu na chumvi nikaanika juani, kama tulivyofundishwa. Vikubwa vilififia, vidogo vilikaa. Nilimwaga pipa, na chini palikuwa na mchanga mwekundu, mzito, unajaa viganja viwili. Ulikuwa paa letu. Lilikuwa linateremka kwenye gata punje punje, na sisi tulikuwa tukilioga. Nilimlipa mteja kitambaa kipya na nikaandika gharama yake katika ukurasa uleule wa viraka.

Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño tena, barabara zikawa mito, na usiku mmoja nikaamka kuweka beseni la buluu. Ukumbini nilisikia mlio kama wa mafuta kwenye kikaango. Maji yalikuwa yamepata njia mpya, yanateremka na waya hadi kwenye sanduku la swichi kuu. Nilinyoosha mkono kuizima, kwa ujinga, nikiwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa. Shoti ilinirusha mpaka ukuta wa pili. Sikuumia zaidi ya bega. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na taa ya kandili, ananitazama.

Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi, kabla ya chai, aliniambia: "Mwite fundi." Nilimwita wa stima kwanza, akakata umeme wa upande wote wa nyuma. Tukakaa gizani nusu nyumba mpaka mvua zilipokwisha.

Ningesema basi kwamba kungojea stima ni kungojea mno. Kama maji yameufikia waya, mjadala wa viraka umekwisha, hata kama mabati yote mengine yanalia kama sinia.

Hatukuezua Novemba, bila shaka. Hakuna anayefungua paa mvua ikinyesha. Tulitandika turubai, tukakusanya pesa, tukangoja kaskazi. Februari ni kavu na joto lake halina huruma, kwa hiyo mafundi walipanda baada ya alfajiri na kushuka saa nne, kisha wakarudi alasiri, maana katikati ya mchana bati linachoma mkono. Tena tulitaka kumaliza kabla ya Ramadhani, iliyoingia Machi, kwa kuwa mwezi huo baraza yangu hujaa nguo za Idi mpaka sioni njia.

Mabati niliyapima mwenyewe, nikapata 76. Nilikuwa nimesahau kwamba vipaa vya ubavuni hukatwa mshazari na vipande vinatupwa, kosa ambalo nisingelifanya kwenye gauni la mkato wa mshazari. Walipoezua, juu ya kombamoyo moja tukakuta hesabu ya babangu kwa penseli: 84. Nikaongeza nane, yakatosha kamili.

Tulichukua yenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambayo kwa hewa ya chumvi hustahimili kuliko zinki tupu, na nikamsimamia fundi yasiguswe na simiti mbichi pale paa linapokutana na ukuta, maana simiti huila aluminiamu. Tuliweka skrubu badala ya misumari. Fundi alidhani naogopa upepo. Nilikuwa nawaza ardhi: siku tukiambiwa tuondoke, bati lililofungwa kwa skrubu hufunguliwa likapakiwa. Siku ya pili mwakilishi wa mwenye ardhi alipita, akauliza nani ametupa ruhusa ya kujenga. Nikamwambia hatujengi, tunavaa. Alitaka barua, tukaandika barua. Hatujajibiwa mpaka leo, na kodi tunailipa.

Skrubu zilipigwa kwenye migongo ya bati, si mabondeni ambako maji hupita. Nilikaa chini kwenye kiti nikatazama kila moja, mafundi wakaniita msimamizi. Yule fundi wa kwanza kabisa, wa lami, kumbe, alikuwa amepiga karibu nusu ya misumari yake bondeni. Niliihesabu siku ya kuezua.

Katika mabati 84 ya babangu, tisa yalikuwa mazima, yote ya kipaa cha kaskazini. Mengine yalikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mengi yalivunjika mikononi mwa hamali kabla ya kufika kwenye mkokoteni. Nilitaka kuyauza na yale tisa. Mama akakataa. "Hayo mazima," akasema, "na mimi nina kuku." Fundi akamwezekea banda jipya uani, akatumia tena misumari ya zamani kwa sababu mama hakutaka skrubu za pesa nyingi zipotezewe kuku.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga Aprili, usiku. Niliamka kwa mazoea, nikasimama ukumbini na beseni la buluu mkononi, pakavu. Chumba cha mama kilikuwa wazi na kitanda kitupu. Nikamkuta uani na kandili yake, amejifunika khanga kichwani, ameinama mlangoni mwa banda, anasukuma ndani lile beseni jeupe lililopasuka ukingo.

"Hapa kati," akaniambia bila kugeuka. "Lete na hilo la buluu."